Kwetu Si Kwangu

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanakwisha, nilikwenda Tanga kwa hitima ya arubaini ya shangazi yangu, Mungu amrehemu, na katika siku tatu nilizokaa huko niliambiwa neno ambalo tangu hapo limekataa kunitoka, hata nimeona aula nilihoji mimi kuliko kuliacha liendelee kunihoji usiku. Tulikuwa tumeketi barazani, katika nyumba ya marehemu iliyoko barabara ya kumi na nne, Ngamiani, watu wamekwisha kula na kutawanyika, na mazungumzo yakaufikia mkungu uliosimama mbele ya nyumba ile: mkungu wa zamani, wenye matawi yaliyotandaa tabaka juu ya tabaka kama sinia, ambao chini yake utotoni tulivunja kungu kwa mawe na kugombania kiini kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mjukuu mmoja wa marehemu, kijana wa miaka thelathini hivi, akasema kwamba juma lijalo mti utakatwa ili zijengwe fremu nne za biashara. Nikasema, kwa upole kadiri nilivyojaliwa, kwamba mti ule ulikuwapo kabla ya mama yake kuzaliwa, na kwamba si vema kuukata pasipo shauri la ukoo mzima. Akanijibu: "Mjomba, kwa heshima yako, wewe umekuja msibani. Uliondoka kwa hiari yako, na mji ni wa wanaoamka nao."

Hakuna aliyemkemea. Kaka yangu alikuna kidevu, na binamu yangu, mama wa kijana, akanisogezea kikombe cha kahawa, jambo ambalo katika adabu za kwetu ni namna ya kumwambia mtu nyamaza bila ya kumvunjia heshima. Nikanywa, nikanyamaza. Mti ulikatwa siku ya Alhamisi, nami nilikuwa nimekwisha kurudi Dar es Salaam.

Nataka basi kutafakari juu ya mapenzi ambayo mtu hubaki nayo kwa mji alioutoka. Sitapoteza wakati kueleza mji ni nini, wala mapenzi ni nini. Wenye kutunga kamusi wamekwisha fanya kazi hiyo, na kila aliyepata kusikia jina la mji wake likitajwa redioni naye yu mbali ajua bila ya kufasiriwa ni kitu gani kilichomkaba koo. Na tuchukue tu kwamba mji ni watu, mahali na zama vilivyokaa pamoja hata vikazoeana, na kwamba kuupenda ni kule kutoweza kuzipuuza habari zake. Yatosha.

Niliondoka Tanga mwaka wa 1987, nina umri wa miaka ishirini na mitatu na sanduku la bati, na tangu siku zile maskani yangu ni Tabata. Huko Tabata watu wa rika langu hawaniiti kwa jina langu. Waniita Mgosi, kwa maana katika Kisambaa na Kibondei mgosi ni mwanamume, na watu wa Dar es Salaam wamelifanya neno hilo kuwa lakabu ya kila atokaye Tanga, awe Msambaa, awe Mbondei, awe Mdigo, au awe kama mimi, mjukuu wa manamba aliyetoka Ungoni kuja kukata mkonge. Mwaka wa 1988, Coastal Union, ambao lakabu yao ni Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, walipoutwaa ubingwa wa Tanzania Bara, nilikuwa nimeketi katikati ya mashabiki wa Simba na Yanga waliokuwa wakilaumiana wao kwa wao, nami nimenyamaza na furaha yangu kama mtu aliyeshika dhahabu ya wenyewe; usiku ule nilitembea peke yangu kutoka Buguruni mpaka Tabata, kwa sababu ndani ya basi nisingejizuia. Basi na ayatazame mwenye insafu: huku naitwa Mgosi kwa kuwa natoka kule, na kule naitwa mgeni kwa kuwa nakaa huku, na baina ya majina hayo mawili sina pa kuweka kiti.

Najua kwamba zipo hoja nyingine dhidi ya mapenzi ya namna hii, tena zilizo bora kuliko ya kijana wetu. Husemwa kwamba anachokitamani mhamaji si mji, ni ujana wake. Huenda ikawa hivyo. Husemwa kwamba mji aupendao haupo tena. Ni kweli, na hata mke niliyemwoa hayupo tena, yupo mwingine mwenye jina lake na sauti yake, nami nakaa naye kwa raha. Husemwa pia, na hili ndilo zito kuliko yote, kwamba babu yangu naye alikuwa na kwao huko Ungoni akakuacha, na sisi wajukuu wake hatukupata kukulilia hata siku moja. Hilo nalikubali, nalipita. Hoja iliyonikalia rohoni ni ile ya barazani, nayo nitaifungua fundo kwa fundo, kwa kuwa imekuwa desturi ya siku hizi kuitamka kana kwamba ni aya.

Fundo la kwanza ni hiari. Kijana alisema niliondoka kwa hiari yangu, na kwa hakika hapakuwa na askari aliyenishika mkono akanitia ndani ya basi. Lakini mwenye kutaka kuijua hiari ya watu wa Tanga hana budi kuanza mbali, mwaka wa 1893, pale Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikamfikia hai sitini na miwili tu. Kutoka katika miche hiyo sitini na miwili yakazaliwa mashamba yaliyoifuata reli kutoka Tanga kwenda Muheza, Korogwe na Mombo. Mashamba yakavuta manamba, na babu yangu miongoni mwao. Manamba wakavuta maduka, maduka yakavuta bandari, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza ulimwenguni kwa kuuza mkonge, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, na Tanga ikawa mji uliojiona hauna cha kumwomba mtu. Kisha watu wa mbali wakavumbua nyuzi zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli, bei ya katani ikaanguka, mashamba yakaingia porini moja baada ya jingine, na viwanda vilivyojengwa baadaye ili kuziba pengo, kile cha mbolea kikiwa mfano mkubwa, navyo vikaanza kukohoa. Baba yangu alikuwa karani katika kampuni ya mkonge. Mwaka ule nilioondoka alikuwa na miezi mitano hajapokea mshahara, nasi tulikuwa watoto saba.

Aristotle alipata kuuliza juu ya nahodha ambaye, tufani imemkumba, hutupa shehena baharini ili aokoe chombo: je, ametupa kwa hiari yake au ametupa kwa kulazimishwa? Jibu lake lilikuwa kwamba tendo lile ni mchanganyiko, ila limeelekea zaidi upande wa hiari, kwa sababu mkono ulionyanyua gunia ni mkono wa nahodha mwenyewe. Nami sina ugomvi na Aristotle. Nauliza tu kama yupo mtu mwenye akili timamu ambaye, nahodha akiisha kufika pwani, atamwambia kwamba kwa kuwa alitupa mchele kwa mkono wake hana haki ya kuusikitikia mchele.

Tena tuseme niliondoka kwa hiari iliyo kamili, bila ya njaa, bila ya mkonge, kwa tamaa tu ya kuona taa za mji mkubwa. Je, kuondoka ni talaka? Talaka ina tamko lake na ina mashahidi, na baada yake kuna eda. Safari haina ila mkoba na kwaheri. Na miji ya pwani, kama kuna miji iliyopasa kulijua jambo hili, ni hiyo, kwa maana haikujengwa na wakaao tu. Ilijengwa na watu wasiokuwapo. Baharia aliondoka na pepo za kusi akarudi na kaskazi, au hakurudi msimu ule akarudi msimu wa pili, na muda wote huo kipande chake cha baraza kilikuwa kipande chake, na kama shauri la nyumba lilikuwa kubwa liliwekwa mpaka aje. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka wa 1909, alipelekwa na kazi ya serikali Pangani, akapelekwa Mpwapwa na kwingineko, akarudi, akafa mwaka wa 1962; nani leo atathubutu kusema kwamba miaka ile ya Mpwapwa Tanga haikuwa yake?

Fundo la pili ndilo linalonikera zaidi, nalo ni hili la kuamka. Mji ni wa wanaoamka nao! Maneno haya yana mlio mzuri, na ndiyo sababu watu wote walikaa kimya yaliposemwa. Neno lenye mlio huponea kuulizwa hati yake. Lakini yapime. Ikiwa kuamka mahali ndiko kunakompa mtu mahali, basi paka wa soko la Mgandini ni raia wa Tanga kuliko mimi na kuliko kijana, maana wao hawakulala popote pengine tangu kuzaliwa, na wala hawahudhurii misiba ya Handeni. Mlinzi wa usiku, ambaye hulala mchana na kuukesha mji usiku kucha, hana mji kabisa. Na yule mtu, nasi sote tunamjua mmoja, aliyekaa katika mji miaka hamsini akiutukana kila kukicha, asiyejua jina la jirani wa tatu, ambaye angepata nauli angeondoka leo, huyo ndiye mwenyewe, na anayekosa usingizi kwa kuuwaza akiwa maili mia mbili ni mgeni wa msiba.

Wala si hayo tu. Katika mji ule ule, kama katika kila mji wa pwani, ziko nyumba, na viko visima na viwanja, vilivyowekwa wakfu na watu waliokwisha kufa zamani, na hakuna awezaye kuviuza wala kuvigeuza kinyume cha sharti la aliyeviweka, ajapokuwa mfupa wake umekwisha kuwa udongo. Mfu huyo haamki na mji. Haamki na chochote mpaka siku ya kiyama. Lakini sauti yake ina nguvu, kadhi huisikiliza, na mtu akijaribu kuivunja mtaa mzima husimama. Basi nauliza, na tangu mwaka jana sijapata wa kunijibu: imekuwaje aliye kaburini asikilizwe, na aliye Tabata, mwendo wa saa sita kwa basi, anyamazishwe kwa kikombe cha kahawa? Au yanipasa kufa kwanza ndipo rai yangu juu ya mkungu ipate uzito?

Kuna jambo jingine, nami nilisema moyoni kwamba sitaliandika, lakini kalamu imekwisha kulifikia. Mapema mwezi ule, iliposomwa orodha ya michango ya hitima, jina langu lilikuwa la kwanza na kiasi changu ndicho kilichonunua ng'ombe. Hakuna aliyeuliza shilingi zile ziliamkia wapi. Zilipita daraja la Wami zikafika barabara ya kumi na nne bila ya kuulizwa uraia wao, zikapikwa, zikaliwa, na baada ya kuliwa ndipo mwenye nazo akaambiwa kwamba yeye si wa hapa.

Lakini nikiisha kuandika hayo naona haya, kwa kuwa nimeyageuza mapenzi kuwa hisa za kampuni. Kama sauti yangu katika Tanga yanunuliwa kwa ng'ombe, basi tajiri yeyote wa Kariakoo aweza kuleta ng'ombe wawili akawa mwana wa mji kunishinda. Nayafuta basi maneno ya ng'ombe. Ila sikuyachana, nimeyaacha hapo juu ili msomaji aone jinsi kinyongo kinavyoweza kumpitisha mtu njia ambayo mantiki yake mwenyewe imeikataza.

Nilipokuwa ningali barazani nilitaka kumpa kijana mfano wa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyeutoka mji wa Makka mwaka wa 622 naye anaupenda, na baada ya miaka minane akaurudia na nguvu zote zi mkononi mwake. Na watu wa Madina waliompokea wakaingiwa na hofu kwamba sasa atabaki kwa jamaa zake, naye akawatuliza nyoyo, akarudi pamoja nao, akafia kwao na kuzikwa kwao. Mfano ule wanishangaza kila niutazamapo, kwa sababu unavunja ile dhana ya kitoto kwamba moyo una mlango mmoja, na mji mmoja ukiingia mwingine lazima utoke. Niliusema baadaye kwa kaka yangu, tukiwa wawili. Akanitazama akasema, "Naam, ila wewe si Mtume, na huko Tabata hukupelekwa na wahyi."

Sasa nitapumzika kidogo katika sarufi, ambayo ni starehe yangu ya uzeeni, na asiyeipenda na aruke. Nimestaajabu mara nyingi jinsi lugha yetu, ambayo yaweza kusema kwangu, kwako na kwake kwa usawa, isivyokubali mtu autaje mji wake kwa umoja. Kwangu ni kule Tabata: nyumba ya vyumba vinne, hati iko sandukuni, bili ya maji huja kwa jina langu. Nikisema "karibu kwangu", mtu atanifuata mpaka Tabata. Lakini nikiulizwa natoka wapi sisemi kwangu ni Tanga. Lazima niseme kwetu ni Tanga, na neno hilo litanitoka hivyo hata nikiwa sina tena chumba, wala kitanda, wala ufunguo wa mlango wowote huko. Na yatima ambaye wazazi wake na ndugu zake wote wamekwisha, asiyebakiwa na mtu ulimwenguni, naye husema kwetu. Hao "sisi" walio ndani ya neno lake ni akina nani? Hawapo, lakini lugha haimruhusu kuwaacha nje.

Tena tazama ile ku. Lugha ina mahali pa namna tatu: pa ya mahali paonyeshekapo kwa kidole, mu ya ndani, na ku ya upande mzima usio na ukingo. Ningeweza kusema petu, na neno hilo lipo, ingawa hulisikia kwa nadra, aghalabu katika vinywa vya watu wagombeao mpaka wa kiwanja. Mwetu twasema juu ya vyumba na mioyo. Lakini mji tulikotoka hauwi petu wala mwetu. Huwa kwetu, upande ambao mtu huuelekeza kwa mkono mzima ulionyooshwa, wala hakuna mpima ardhi awezaye kuutilia mawe ya mipaka. Waliotangulia, walioziweka silabi hizi mahali pake, walijua jambo ambalo mimi nahitaji insha nzima kulikaribia.

Na kwa kuwa nimekwisha kuiacha njia, niiache zaidi kidogo. Tanga ni la jahazi, lipeperukalo na kumpeleka mtu mbali. Kutanga ni kuzurura bila ya makao. Matanga ni siku za kumlilia maiti. Sisemi kwamba jina la mji wetu lina nasaba na lolote kati ya hayo matatu, kwa maana wajuzi wa asili ya majina wana hitilafu nyingi na mimi si mmoja wao; nasema tu kwamba mtu aliyezaliwa Tanga, akatanga, akarudi kwa matanga, ana haki ya kutabasamu peke yake ndani ya basi.

Lakini sarufi, ambayo niliikimbilia kwa starehe, imenigeukia. Maana ikiwa kwetu ni ya sisi, basi na kijana yumo ndani ya sisi, na mama yake yumo, na marehemu yumo. Na niliposema pale barazani "shauri la ukoo mzima", nikiungama kwa haki, nilikuwa na maana ya shauri langu. Nilitaka mkungu ubaki kwa sababu ulikuwa ndani ya kumbukumbu yangu, nami nilikuwa nimeiazima herufi ya wingi ili kuitetea mali ya mmoja.

Na liko jambo ambalo ningependa kulificha. Asubuhi ya kurudi kwangu kaka yangu alinisindikiza mpaka stendi ya Kange, na tulipokuwa tukingoja basi lijazwe akanieleza, kama mtu atajaye habari za hewa, kwamba mizizi ya mkungu ilikuwa imeingia ndani ya karo la choo mwaka wa nne sasa. Kwamba gari la kunyonya maji machafu lilikuwa limeitwa mara nyingi hata wenye gari wakawa kama jamaa. Kwamba ukuta wa chumba cha shangazi ulikuwa na ufa ambao mkono ungepita. Na kwamba shangazi mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kufa, ndiye aliyesema mti ule ukatwe, na kijana ndiye aliyekuwa akimcheleweshea kwa kuuonea huruma.

Nikamwuliza mbona hakusema haya barazani. Akasema, "Wewe hukuuliza."

Na ni kweli kwamba sikuuliza. Miaka yote ile nilipopiga simu niliuliza afya, nikauliza mvua, nikauliza Coastal imechezaje. Mara moja moja niliuliza kama mkungu umezaa. Sikupata kuuliza habari za karo. Basi likaondoka, likapita Muheza na machungwa yake, nami mpaka Segera sikuona kitu dirishani. Nilikuwa nikilipima lile neno la kijana, mji ni wa wanaoamka nao, na kwa mara ya kwanza nikashuku kwamba huenda hakulitamka kwa mlio wake. Labda kwake kuamka na mji kulikuwa ni jambo lisilo na fumbo lolote: kuamka saa kumi na moja alfajiri na harufu ile, kutafuta ndoo, kumpigia simu mwenye gari, kumhamisha bibi mgonjwa kutoka chumba chenye ufa. Ikiwa hiyo ndiyo maana yake, paka wangu wa Mgandini na mlinzi wangu wa usiku hawamjibu kitu, na wala yule mfu wa wakfu hamjibu, maana aliyekuwa na akili katika kuweka wakfu aliweka na msimamizi wa kutazama bomba.

Walakini siwezi kumwachia ushindi wote, na msomaji akiniona mkaidi sitamlaumu. Kama kijana angaliniambia, "Mjomba, karo limepasuka", ningalinyamaza kwa radhi yangu, tena ningaliuliza gharama. Hoja njema alikuwa nayo, akaiacha, akanipiga kwa mbovu. Hakusema kwamba sijui; alisema kwamba si wa hapa. Na baina ya kutojua na kutokuwa wa mahali pana umbali mkubwa, kwa sababu asiyejua aweza kufundishwa kwa dakika tano, bali asiye wa mahali hana la kufundishwa. Kwa nini basi alichagua lile la pili? Nimefikiri kwamba alinionea aibu mbele ya watu, hakutaka kukitaja choo cha bibi yake siku ya hitima. Nimefikiri pia kwamba alichoka na sisi sote tujao kwa siku tatu, tukasifu mti na kula pilau na kupiga picha, kisha tukamwachia majani ya kufagia. Siku nyingine, nikiamka vibaya, hufikiri kwamba ni kijana mjeuri tu. Na siku nyingine tena humwona babu yangu, ambaye katika uzee wake aliketi chini ya mkungu ule ule, na ambaye sikumbuki hata mara moja kumwuliza habari za mti wowote wa Ungoni.

Mwezi uliopita nilimpigia simu kaka yangu, na safari hii nilianza na karo. Akasema limejengwa upya, na fremu mbili zimekwisha, moja imepangishwa na kijana aliyetoka Kahama, atengenezaye simu na kutuma fedha za watu, mtu mpole, ambaye ameweka benchi refu la mbao mbele ya duka lake. Na kwa kuwa bati la fremu hutoa kivuli kizuri kuanzia alasiri, wazee wa baraza wamehamia huko, wananunua kahawa huko, na mambo yote ya mtaa sasa yanakatwa huko. Nikamwuliza kama aliyehamia Tabata aweza kupewa nafasi katika benchi la aliyehama Kahama. Akacheka sana. Nyuma yake nikasikia sauti ya kijana wetu ikiuliza ni nani huyo, na kaka akijibu kwamba ni mjomba wako; kisha kijana akasema neno, kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira wala ya furaha, nalo sikulipata, maana wakati ule ule salio langu lilikwisha.